Habari za Wilaya ya Lowndes

Wenye ramani ya dunia ukutani waikaribie, maana leo tuna safari ya mbali.

Habari za Marekani tunazozisikia mara nyingi ni za miji mikubwa, kama New York na Chicago, yenye majumba marefu na magari yasiyohesabika. Lakini Marekani nayo ina mashamba na vijiji, ina barabara za vumbi, na ina watu wanaotazama mawingu asubuhi kujua kama mvua itakuja. Leo nitawasimulia habari za wilaya moja ya mashambani kule. Jina lake ni Lowndes, nalo hutamkwa karibu na "Laundz". Nimeichagua kwa sababu moja. Katika wilaya hii, kwa muda wa miaka zaidi ya sitini, kusoma na kuandika, jambo hili hili mnalojifunza ninyi baada ya kazi za kutwa, kulifanywa kufuli ya kuwafungia watu nje. Nataka mjue kufuli hiyo ilitengenezwaje, na ilifunguliwaje.

Kwanza tupajue mahali. Lowndes imo katika jimbo la Alabama, upande wa kusini wa Marekani. Mji mkuu wa Alabama ni Montgomery. Ukitoka Montgomery kuelekea magharibi kwa barabara kuu namba 80, unaingia Lowndes, na ukiisha kuipita unafika Selma. Ukubwa wa wilaya ni maili za mraba 700 na kidogo. Makao yake ni Hayneville, mji mdogo sana: nyumba nyeupe ya mahakama, kiwanja mbele yake, na maduka machache. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 wilaya nzima ilikuwa na watu 10,311, na katika kila watu kumi, saba ni weusi.

Sasa tuutazame udongo wake. Ni mweusi, wenye rutuba, nao ukinyeshewa hunata miguuni kama gundi. Ukikauka hupasuka nyufa. Ndugu wanaolima katika mbuga za udongo mweusi wanaujua vizuri, na wanajua pia jinsi gari linavyokwama ndani yake wakati wa masika. Kwa ajili ya udongo huo sehemu ile ya Alabama huitwa Mkanda Mweusi. Uwekeni udongo huu akilini, kwa sababu tutaurudia mwisho wa somo.

Wenyeji wa kwanza wa nchi ile walikuwa Wahindi Wekundu wa kabila la Creek, ambao wenyewe hujiita Muscogee. Mwezi wa Desemba 1813 walipigana na askari wa Marekani mahali palipoitwa Uwanja Mtakatifu, ndani ya wilaya hii ya leo, nao wakashindwa. Mwaka uliofuata walitiishwa kwa mkataba uliowanyang'anya zaidi ya eka milioni 20. Mara Wazungu wakaja kutafuta ardhi ya pamba, na pamoja nao wakaleta watumwa. Wilaya iliundwa mwaka 1830. Ilipofika hesabu ya watu ya mwaka 1860, Lowndes ilikuwa na watu wapatao 27,000, na zaidi ya 19,000 kati yao walikuwa watumwa. Fikirini hesabu hiyo: katika kila watu kumi, saba walikuwa mali ya wale watatu waliobaki.

Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1870 Katiba ya Marekani ilisema kwamba mwanamume asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Wanaume weusi wa Alabama wakapiga kura, wakachagua na kuchaguliwa. Huenda mkadhani kwamba hapo mambo yalikwisha. Hayakwisha. Ardhi ilikuwa bado mikononi mwa mabwana wa zamani. Mtu aliyetoka utumwani bila jembe wala eka moja alilazimika kulima shamba la bwana kwa kugawana mavuno. Mbegu na unga alikopa katika duka la bwana huyo huyo, na wakati wa mavuno bwana ndiye aliyeandika hesabu kitabuni. Mlimaji asiyejua kusoma angewezaje kuikagua? Aliambiwa, "Mwaka huu bado unadaiwa," akarudi shambani.

Basi mwaka 1901 Alabama iliandika katiba mpya ya jimbo. Na hapa ndipo kufuli ilipotengenezwa. Katiba ya Marekani ilikataza kumnyima mtu kura kwa rangi, kwa hiyo rangi haikutajwa. Ilisemwa tu kwamba anayetaka kuandikishwa kuwa mpiga kura ajue kusoma na kuandika, au awe na mali ya kiasi fulani, tena alipe kodi ya kura, dola moja na nusu kila mwaka. Kwa maneno sheria ilikuwa ya watu wote. Lakini aliyeamua kama umefaulu kusoma alikuwa mwandikishaji, naye alikuwa Mzungu. Mzungu asiyejua herufi aliweza kupita. Katika wilaya nyingine ya Alabama, iitwayo Macon, hata walimu weusi wa chuo kikuu cha Tuskegee walikataliwa. Kabla ya katiba hiyo Alabama ilikuwa na wapiga kura weusi zaidi ya 180,000. Baada ya miaka miwili tu hawakufika 3,000.

Ndugu zangu, ukitaka kujua kama mtihani ni wa haki, mtazame anayesahihisha. Mtihani wa Alabama ulikuwa na maswali, lakini majibu yake yalikuwa rangi ya uso wa mtu.

Tuje sasa mwaka 1965. Lowndes ilikuwa na watu 15,000 hivi, na wanane katika kila kumi walikuwa weusi. Je, ni weusi wangapi waliokuwa katika daftari la wapiga kura mwezi wa Januari mwaka huo? Hakuna hata mmoja! Wazungu walioandikishwa, kwa upande wao, walikuwa wengi kuliko Wazungu wote wenye umri wa kupiga kura waliokuwamo wilayani, maana majina ya waliokufa na waliohama hayakufutwa. Marehemu Mzungu alikuwa na kura, mkulima mweusi aliye hai hana. Tena ilitakiwa mtu aliyekwisha kuandikishwa aje kukushuhudia kwamba u mtu mwema, na kwa kuwa hakukuwa na mweusi yeyote katika daftari, shahidi huyo sharti awe Mzungu.

Alikuwako mtu mmoja jina lake John Hulett. Alizaliwa Lowndes mwaka 1927, akaenda kufanya kazi katika mji wa viwanda wa Birmingham. Huko alijifunza mambo ya chama cha wafanyakazi, na mwaka 1959 akarejea kwao. Tarehe 1 Machi 1965 yeye na wenzake, jumla watu 39, walikwenda kwenye nyumba ya mahakama ya Hayneville kutaka kuandikishwa. Hawakuandikishwa. Waliambiwa warudi baada ya majuma mawili, na walirudi. Mwezi ule wawili tu walikubaliwa. Mmoja alikuwa Hulett, na wa pili alikuwa mhubiri kipofu. Ndiyo, kipofu! Katika wilaya ile iliyofungia watu wote nje kwa mtihani wa kusoma, mmoja wa wawili wa kwanza kuingia alikuwa mtu asiyeona karatasi.

Mwezi ule ule watu walianzisha chama chao wilayani. Tarehe 21 Machi ukaanza mwendo mkubwa wa miguu kutoka Selma kwenda Montgomery, maili 54, wakiongozwa na Martin Luther King. Njia yao ilipita katikati ya Lowndes. Kwa kuwa barabara huko ilikuwa nyembamba, mahakama iliamuru wasizidi watu 300 katika sehemu hiyo, nao wakalala katika mashamba ya wakulima weusi waliothubutu kuwapokea. Siku ya mwisho, tarehe 25 Machi usiku, mama mmoja Mzungu wa Detroit, Viola Liuzzo, mwenye watoto watano, alikuwa akisafirisha waandamanaji kwa gari lake. Alipigwa risasi akafa katika barabara hiyo hiyo namba 80, ndani ya Lowndes.

Waandamanaji walikwenda zao, lakini vijana wachache walibaki. Walikuwa wa chama cha wanafunzi kilichojulikana kwa herufi SNCC, na kiongozi wao pale alikuwa Stokely Carmichael. Walikuwa wameandika majina ya wenyeji waliotoka majumbani kuutazama mwendo, wakarudi kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ilikuwa ya polepole, ya kuketi barazani, kunywa maji na kuzungumza, na mimi naiona kuwa kubwa kuliko hotuba nyingi zilizoandikwa vitabuni.

Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria mpya ya haki ya kupiga kura. Mtihani wa kusoma ulisimamishwa katika majimbo kama Alabama, na Serikali Kuu ya Washington ikapeleka waandikishaji wake. Katika Lowndes walifika siku nne baadaye, wakakaa Fort Deposit. Watu wakapanga mstari.

Lakini sheria ni karatasi mpaka ifike kijijini. Tarehe 20 Agosti mwanafunzi wa uchungaji aitwaye Jonathan Daniels, Mzungu wa miaka 26 kutoka kaskazini, alitolewa jela ya Hayneville pamoja na wenzake. Walikuwa wamefungwa kwa kuandamana mbele ya maduka. Jua lilikuwa kali, wanne wao wakaenda duka la karibu kununua soda. Mlangoni palikuwa na mtu mwenye bunduki. Akamwelekezea msichana mweusi wa miaka 17, Ruby Sales. Daniels akamsukuma kando, risasi ikampata yeye, akafa papo hapo. Muuaji alishitakiwa Hayneville mbele ya raia kumi na wawili walioketi kuamua kesi, wote wanaume Wazungu, wakamwachilia. Watu weusi wa Lowndes wakaipeleka desturi hiyo mahakamani. Mwaka 1966 mahakama ya Serikali Kuu iliamua kwamba kuwatenga weusi, na kuwatenga wanawake pia, katika kazi hiyo ni kuvunja Katiba.

Nao wenye mashamba walikuwa na silaha nyingine isiyo bunduki. Mlimaji aliyejiandikisha aliambiwa ahame. Familia zilizoishi katika shamba moja tangu enzi ya babu zilitolewa nje na vyombo vyao. Chama cha wilaya kilipata eka sita kando ya barabara namba 80, wakasimamisha mahema mwishoni mwa Desemba 1965, wakati wa baridi. Usiku watu wenye magari walipita wakifyatua risasi kwenye mahema. Watu walikaa pale kiasi cha miaka miwili na nusu, mpaka wengi wakapata mahali pengine pa kuishi. Kura moja iliweza kumgharimu mtu paa la nyumba yake, na bado walijiandikisha.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana tumefika panapotuhusu zaidi sisi wa madarasa haya. Wapiga kura weusi walikuwa wamekwisha kuwa wengi, lakini wampigie nani kura? Chama kilichotawala Alabama, chama cha Democratic, kilikuwa na jogoo mweupe kuwa alama yake. Wasikilizaji wa Kenya wasichanganye: huyu si jogoo wa KANU. Pamoja na jogoo huyo wa Alabama yalikuwa maneno ya kusifu ukuu wa Wazungu. Katika Lowndes chama hicho kilipandisha pia ada ya kugombea kutoka dola 50 hadi 500, kiasi ambacho mlimaji hakuweza kukiona kwa mwaka.

Ndipo watu wakaamua kuunda chama chao wenyewe, Chama cha Uhuru cha Wilaya ya Lowndes. Sheria ya Alabama ilitaka kila chama kiwe na picha, kwa sababu wapiga kura wengi, weusi kwa weupe, hawakujua kusoma. Wakachagua chui mweusi. Hulett alieleza kwamba mnyama huyu hamwendei mtu kwa ubaya, lakini akisukumwa mpaka pembeni hujitetea. Yule yule asiyejua herufi, aliyefungiwa nje kwa sababu hiyo, sasa aliweza kuingia chumba cha kura, kumtafuta chui, kutia alama yake na kurudi nyumbani. Sisi hatushangai, maana katika uchaguzi wa Tanzania wa mwaka 1965, mwaka mmoja tu kabla ya huo, wagombea walitambulishwa kwa jembe na nyumba.

Hata hivyo hawakuridhika na picha peke yake, na jambo hili linanipendeza sana. Vijana wa SNCC walitengeneza vijitabu vya michoro vya kuwaeleza watu kazi za maofisa wa wilaya. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, kazi yake ni nini, na mipaka yake ni ipi? Mkadiriaji wa kodi hukadiria nini, na kwa nini tajiri mwenye shamba kubwa hulipa kidogo? Halmashauri ya shule ndiyo inayoamua nini juu ya mabasi na vitabu vya watoto wako? Watu walikutana makanisani wakasoma kwa pamoja, anayejua akimsomea asiyejua. Mtu aliyemwogopa sherifu maisha yake yote aligundua kwamba sherifu ni mtumishi, tena huchaguliwa, tena huweza kuondolewa. Tarehe 3 Mei 1966 watu kama 900 walikutana katika kanisa la Baptist, karibu na ile nyumba ya mahakama, wakateua wagombea saba.

Uchaguzi ulifanyika Novemba 1966, na wote saba walishindwa. Mgombea wa usherifu alipata kura zaidi ya 1,600, na Mzungu aliyeshindana naye kura zaidi ya 2,300. Wenye mashamba walikuwa wamewapakia vibarua wao katika malori na kuwapeleka kumpigia jogoo. Wengine waliogopa mahema. Lakini chama hakikuvunjika moyo, na mwaka 1970 wilaya ilimchagua sherifu mpya. Jina lake lilikuwa John Hulett. Alishika kazi hiyo miaka 22.

Yule chui alikwenda mbali. Oktoba 1966 vijana wa Oakland, katika jimbo la California, walimchukua kuwa jina na alama ya chama chao, nao ndio waliojulikana duniani. Wengi waliovaa picha ya chui kifuani hawakujua kwamba alizaliwa kwa wakulima wa pamba, kwa ajili ya karatasi ya kura.

Na leo? Pamba imepungua sana, na mahali pake pana malisho ya ng'ombe na miti ya mbao. Kuna kiwanda kikubwa cha plastiki Burkville. Mwaka 1900 wilaya ilikuwa na watu zaidi ya 35,000, kwa hiyo mnaona jinsi ilivyopungukiwa, maana vijana huenda mijini kama wetu. Maofisa wengi wa wilaya sasa ni weusi. Na umaskini umebaki.

Hapa turudi kwenye udongo. Udongo ule mweusi ulioleta pamba, na pamba ikaleta watumwa, haunyonyi maji. Nyumba nyingi za Lowndes hazikuunganishwa na mabomba ya kuondoa maji machafu. Mwenye nyumba hutakiwa achimbe tangi lake mwenyewe, na katika udongo ule tangi la kawaida hufurika. Tangi linalofaa hugharimu maelfu mengi ya dola. Kwa hiyo wengine wamepitisha bomba kutoka chooni mpaka nyuma ya nyumba, na maji machafu hukaa pale pale uani watoto wanapocheza. Ndiyo, katika Marekani, nchi tajiri! Mwaka 2017 madaktari walitangaza kwamba kati ya watu 55 waliowapima, 19 walikuwa na dalili za minyoo ya safura. Mwanamke wa huko huko, Catherine Coleman Flowers, ndiye aliyelisema jambo hili miaka mingi mpaka likasikika. Mtu maskini asiye na tangi aliweza kushitakiwa, hata kukamatwa.

Mwaka 2021 Serikali Kuu ilianza uchunguzi. Mei 2023 ilipatana na idara ya afya ya Alabama kwamba watu wasiadhibiwe tena kwa kukosa tangi, na mpango ufanywe wa kuwasaidia. Mwezi wa Aprili 2025 serikali mpya ya Washington iliyavunja mapatano hayo. Kazi ya kuwachimbia watu matangi imeachiwa jimbo na vyama vya wenyeji, nyumba moja baada ya nyingine.

Kazi yenu ya juma hili ni hii. Nendeni kwa mzee mmoja wa kijiji mkamwulize alipopiga kura mara ya kwanza ilikuwa mwaka gani, na karatasi yake ilikuwa na picha gani. Yaandikeni majibu yake katika mistari mitano, kwa mkono wenu wenyewe, mje nayo darasani.